Mwanga wa Screenslaver: kisa cha binti aliyeanguka siku ya kufunga shule

Binti wa miaka 12, mwanafunzi wa darasa la sita kwenye shule moja ya binafsi upande wa Temeke, alianguka kifafa akiangalia katuni na wenzake siku ya kufunga shule. Hakuwa ameanguka hata mara moja kabla ya hapo. Katuni yenyewe ni Incredibles 2, ile muvi ya kuchekesha ya familia yenye nguvu za ajabu, ambayo watoto wengi wa Dar es Salaam wanaijua mpaka majina ya wahusika. Nilikuwepo kama mzazi, na baadaye nikaifuatilia familia hiyo mpaka kliniki. Mama yake ameniruhusu kuandika kwa sharti moja: nisitaje mtu wala shule.

Nimeamua kukichambua kisa hiki kwa sababu siku ile kila mtu aliondoka na jibu lake. Wapo waliosema jini. Wapo waliosema njaa. Wapo waliosema katuni za siku hizi zina mambo ya kishetani ndani yake. Mwalimu aliyeandaa onyesho alilia, akiamini yeye ndiye aliyemuumiza mtoto wa watu. Nilipoanza kuulizia nikakuta kwamba tatizo la muvi hii, yaani mwanga wake wa kuwaka na kuzima kwa kasi, lilijulikana tangu siku zile zile ilipotoka. Onyo liliandikwa na likabandikwa. Ila Temeke halikufika.

Kwanza niitetee muvi, maana naipenda na sitaki mtu aifute kwenye laptopu yake kwa hasira. Ilitolewa na studio ya Pixar mwezi Juni 2018, ikaongozwa na Brad Bird, yule yule aliyeongoza ya kwanza ya mwaka 2004. Miaka 14 ilipita katikati, lakini hadithi inaanza pale pale ya kwanza ilipoishia, kana kwamba hakuna aliyezeeka. Safari hii mama, Elastigirl, ndiye anayeitwa kazini kuokoa watu. Baba, Bob, mwanamume mwenye nguvu za kuinua treni, anabaki nyumbani na watoto watatu. Anashindwa hesabu za mtoto wake wa kiume, anashindwa kumlaza kichanga, analala kwenye kochi ndevu zimemwota. Watoto wetu wanacheka mpaka wanashika matumbo, na kina baba waliokuwa nyuma ya darasa siku ile walikuwa wanachekea kitu kingine kabisa, kile wanachokijua kutoka nyumbani kwao. Mwalimu aliichagua kwa sababu hizo. Haina damu, haina mambo ya kuficha macho, na inamwonyesha mama akitoka kwenda kazini huku baba akijifunza kwamba kulea ni kazi. Mimi ningechagua hiyo hiyo.

Sasa adui. Anaitwa Screenslaver. Silaha yake ni skrini: anateka runinga na kompyuta, anapitisha mwanga wenye michoro inayozunguka, na yeyote anayeutazama anapumbazwa, macho yanatulia, anafanya anachoagizwa. Waandaaji walitaka mtazamaji auhisi ule mwanga kwa macho yake mwenyewe, kwa hiyo waliuweka kweli kwenye picha. Mwanga huo unamweka, yaani unawaka na kuzima kwa haraka, mara kadhaa ndani ya muvi. Pazito kuliko pote ni pale Elastigirl anapoingia kwenye maficho ya adui, anafungiwa ndani ya chumba ambacho kuta zake zenyewe ni taa, na wanapigana humo weupe na weusi vikipishana kwa kasi. Kwa mtu mzima asiye na tatizo ni dakika moja na kidogo ya kukunja uso. Kwa baadhi ya watu ni hatari ya moja kwa moja.

Muvi ilipotoka Marekani, watazamaji walianza kusema mitandaoni kwamba pale mahali pana shida. Shirika la kifafa la huko, Epilepsy Foundation, likatoa tahadhari kwa umma, na Disney, wenye Pixar, wakayaomba majumba ya sinema yabandike tangazo mlangoni kuwajulisha wenye kuathirika na mwanga. Uingereza mambo yalikwenda mbali zaidi: huko nakala ya sinema ilirekebishwa ili ipite kipimo kinachoitwa cha Harding, ambacho hukagua picha kwa picha kama mwanga unavuka kiwango cha usalama. Maana yake, zipo nakala mbili za muvi moja. Mtoto wa London aliona iliyopunguzwa makali. Ya kwetu ilikuwa ile kali.

Na ya kwetu ilifikaje? Kama muvi nyingi zinavyofika mitaani. Upo ukumbi wa sinema Mlimani City na kwingineko, lakini tiketi ya mtoto mmoja, soda, bisi na nauli ya kwenda na kurudi kutoka Mbagala au Tandika ni fedha ambayo familia ya watoto wanne inaifikiria mara mbili. Mwalimu alikwenda laibrari ya muvi karibu na kituo cha daladala, akatoa flashi, kijana akamwekea katuni kadhaa kwa bei ya chapati na chai. Nakala ya namna hiyo haina kava, haina maandishi ya nyuma, haina tangazo la mlangoni. Ina jina la faili tu. Bodi ya Filamu ina kazi ya kukagua na kupanga madaraja kwa sheria ya mwaka 1976, lakini daraja nalo hukaa kwenye karatasi na kwenye kava. Likiondolewa kava, limeondoka. Ukiniuliza kisa hiki kilianzia wapi, nitakujibu kwamba kilianzia kwenye ile kaunta. Kijana wa laibrari hakuwa na namna ya kujua. Hakuna aliyemwambia naye.

Nieleze chumba, kwa sababu chumba kilifanya nusu ya kazi.

Lilikuwa darasa la kawaida. Ili picha ionekane, madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya bweni na mlango ukafungwa, giza likawa la kweli. Projekta ilikuwa ya kuazima, nzuri, yenye mwanga mkali. Picha ilijaa ukuta wa mbele karibu wote, juu ya shuka mbili zilizoungwa kwa pini. Wazazi tulikaa nyuma kwenye madawati. Watoto walikaa chini kwenye mikeka, wadogo mbele kabisa, na walikuwa wanajisogeza mbele kidogo kidogo kadiri muvi ilivyonoga, mpaka wa mwanzo wakawa hatua mbili tu kutoka ukutani. Binti yetu alikuwa pale mbele kwa kazi maalumu. Muvi ilikuwa ya Kiingereza bila tafsiri, na yeye, kwa kuwa Kiingereza anakisikia vizuri, aliwekwa awatafsirie wa chekechea na la kwanza. Alikuwa hodari kweli. Kila Bob aliposema kitu, yeye aligeuka akakisema upya kwa Kiswahili cha mtaani, na wadogo wakacheka mara mbili, mara ya kwanza kwa picha na ya pili kwa maneno yake. Lakini mtafsiri hawezi kufumba macho wala kutazama pembeni. Alikuwa anaukodolea ukuta kuliko mtu yeyote mle ndani.

Na alikuwa na usingizi. Mama yake anakaanga maandazi ya kuuza. Siku hizo binti alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kumsaidia kukata na kugeuza kwenye karai, kisha anaoga na kukimbilia gari la shule. Siku ile ya kufunga shule walikuwa na oda kubwa, kwa hiyo aliamka mapema zaidi, na chai hakuinywa.

Ilipofika ile sehemu ya chumba cha taa, ukuta mzima ukaanza kuwaka na kuzima. Niliona vichwa vya watoto wa mbele vikionekana na kupotea, vikionekana na kupotea. Sauti ya binti ilikatika katikati ya neno. Akakaza shingo, macho yakapanda juu, akakakamaa.

Watoto wakacheka.

Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, na ndilo linalofanya kisa hiki kiwe cha muvi hii na si cha muvi nyingine. Dakika chache kabla walikuwa wameona watu kwenye ukuta wakipumbazwa na skrini, wakitulia na kukakamaa vile vile. Walidhani dada yao anaigiza. Mmoja wa kiume akasimama naye akajikakamaza ili wacheke zaidi. Sisi watu wazima wa nyuma tuliona migongo tu na tulisikia vicheko. Ni mpaka alipolala upande na mikono kuanza kurusharusha ndipo mdogo wake, wa darasa la kwanza, alipopiga kelele.

Kilichofuata kilikuwa vurugu, na katika vurugu hiyo muvi iliendelea kucheza. Hakuna aliyeifikiria. Mwanga ule ule ulikuwa bado unampiga usoni. Aliyetuokoa ni mlinzi wa shule, mzee wa makamo, aliyeingia kwa kusikia kelele. Hakuuliza kitu. Alivua koti akalitupa juu ya projekta, kisha akavuta blanketi moja la dirishani, jua likaingia. Nikiulizwa nani alifanya jambo la kwanza lililo sahihi siku ile, ni yeye.

Bibi mmoja, mama mzazi wa mwalimu, alikuwa ameketi karibu na mlango. Alipoona mapovu akainua mkono: "Msimguse jamani! Mate yake hayo yanaambukiza!" Watu watatu waliokuwa wanamkaribia wakarudi nyuma. Mwingine akawa anatafuta kijiko amwekee kati ya meno, mwingine anaulizia kitunguu cha kumnusisha. Palikuwepo mzazi mwenzetu ambaye ni nesi. Akasema kwa upole, huku tayari amepiga magoti, "Shikamoo bibi, mate hayaambukizi. Naomba hiyo kanga yako niweke chini ya kichwa." Bibi akaitikia marahaba, akaifungua kanga kiunoni akampa. Nimeona niliandike hili kwa urefu wake kwa sababu lilifanya kazi. Nesi hakumkemea bibi wala hakuanza kumfundisha mbele za watu. Alimpa jambo la kufanya, na baada ya hapo bibi mwenyewe ndiye aliyewazuia wengine wasimzonge mtoto.

Nesi alisogeza madawati, akaweka kanga, akatazama saa. Hakumshika mikono kuizuia isirushe, wala hakumtia kitu mdomoni: kijiko huvunja meno au huishia kooni, na ulimi haumezwi kama tunavyoambiana. Mtikisiko ulipolegea akamgeuza ubavu ili mate yatoke. Ilikuwa kama dakika mbili, ingawa kila aliyekuwepo angekuapia ni kumi. Angepita dakika tano, au angerudia kabla hajazinduka, hapo ingekuwa kukimbia hospitali bila kungoja. Kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza maishani, alipelekwa hivyo hivyo, kwa bajaji, kichwa mapajani kwa mama yake, akiwa na usingizi mzito na amejing'ata ulimi pembeni.

Nyumbani ukafuata mjadala wa ukoo, ambao nitaupita haraka kwa sababu kila msomaji anaujua. Shangazi wa baba alitaka aende kwa mtaalamu Mkuranga. Mjomba alisema degedege la utotoni halikutibiwa vizuri. Bibi yake mtoto akaleta kombe. Mama alifanya jambo la busara: hakugombana na mtu, alimpa mtoto kombe anywe na kesho yake akampeleka hospitali kubwa yenye daktari bingwa wa mishipa ya fahamu.

Daktari aliuliza swali ambalo hakuna mtu kwenye ukoo alikuwa ameliuliza. "Asubuhi akiamka, vitu vinamdondoka?"

Mama akanyamaza. Kwa miezi mingi binti alikuwa anadondosha vikombe. Mkono ulishtuka tu, mara moja, kama mtu aliyeguswa na umeme, na chai ikamwagika. Ilitokea asubuhi, hasa akiwa amelala kidogo. Aliambiwa mzembe. Aliadhibiwa kwa kikombe cha udongo cha bibi. Na asubuhi hizo hizo alikuwa amesimama juu ya karai la mafuta yanayochemka. Daktari aliposikia habari ya karai aliweka kalamu chini, akasema hilo ndilo linaloanza kubadilika leo, kabla ya dawa.

Kipimo cha umeme wa ubongo kilifanyika siku nyingine. Nilikwenda nao, nikaona. Nywele zake zilizosukwa vizuri kwa ajili ya sikukuu zilibidi zifumuliwe zote, kwa sababu vidude vya waya lazima viguse ngozi ya kichwa. Wakampaka uji mzito mweupe, wakabandika waya moja baada ya nyingine. Alilia kwa ajili ya nywele kuliko kwa jambo jingine lolote. Kisha mtaalamu akasogeza taa ndogo mbele ya uso wake, ikawa inamweka polepole, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi zaidi, huku mistari ikijichora kwenye skrini. Ilipofika kasi fulani, mistari iliyokuwa imetulia ikalipuka yote kwa pamoja, juu chini, juu chini, na kidole gumba chake kikacheza. Mtaalamu akazima taa papo hapo. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniambia kwamba pale ndipo alipoacha kufikiria jini, kwa sababu jini haliji na kuondoka kwa swichi.

Majibu: ni kifafa cha aina inayoanza kuelekea ujana, chenye mishtuko ya mikono asubuhi, na kwake kinachochewa na mwanga. Muvi haikumpa kifafa. Kilikuwepo ndani yake kimya kimya; siku ile giza, usingizi pungufu, njaa na ukuta wa taa vilikutana juu yake kwa mara moja.

Kifafa cha kuchochewa na mwanga kinawapata wachache, kama watu 3 katika kila 100 wenye kifafa, lakini kinapenda umri huu huu wa shule na ujana, na wasichana kuliko wavulana. Wengi hawajijui mpaka siku skrini inapowaambia. Mwanga wa hatari hasa ni ule unaomweka kati ya mara 16 na 25 kwa sekunde, ingawa wapo wanaodhurika kwa kasi ndogo zaidi au kubwa zaidi. Kanuni za runinga za Uingereza, zilizoanza miaka ya 1990 baada ya tangazo moja la biashara kuwaangusha watazamaji, haziruhusu mwanga kumweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde ikiwa umejaza zaidi ya robo ya skrini, na rangi nyekundu iliyokolea inabanwa zaidi. Na hatari hii haikuishia Uingereza. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon nchini Japani kilirusha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kwa kasi, na watoto karibu 700 walikimbizwa hospitali jioni ile. Watayarishaji wa katuni duniani kote wanakijua kisa hicho. Kinafundishwa.

Ndiyo maana, nikigawa lawama, fungu kubwa nalipeleka kwa studio. Siandiki kwa chuki. Ni watu wenye kipaji kikubwa na wameifanyia kazi nzuri familia yangu. Lakini mwaka 2018 ilikuwa miaka 21 baada ya Japani, kipimo kipo, na nakala ya Uingereza inathibitisha kwamba sehemu ile ingeweza kupunguzwa makali na muvi ikabaki ile ile. Mtoto wa London hakukosa hadithi. Nakala salama ilipaswa kuwa ndiyo nakala ya dunia nzima tangu siku ya kwanza, kwa sababu studio inajua fika kwamba muvi ya watoto haiishii kwenye sinema. Inakwenda kwenye mabasi ya mikoani, kwenye vibanda umiza, kwenye simu ya dada wa kazi, kwenye kuta za madarasa. Tangazo la mlangoni linamlinda yule tu anayepita kwenye mlango huo.

Mwalimu simpi fungu lolote. Alitazama muvi nzima nyumbani kwake kabla ya kuionyesha, jambo ambalo wengi hatulifanyi. Aliitazama kwenye laptopu, sebuleni, taa imewaka. Kwenye skrini ndogo namna hiyo ule mwanga unaonekana mdogo kweli, kwa sababu unashika sehemu ndogo ya jicho na chumba kina nuru yake. Picha ile ile ikijaa ukuta ndani ya giza, mbele ya mtoto aliye hatua mbili, ni kitu kingine.

Sisi wazazi tunalo fungu dogo, la vikombe. Kushtuka mikono asubuhi, kuzubaa ghafla katikati ya sentensi na kurudi kama hakuna kilichotokea, kukojoa kitandani ghafla kwa mtoto mkubwa: haya huwa tunayapa majina ya tabia. Mengine ni tabia kweli. Mengine yanahitaji daktari ayaangalie.

Kuhusu dawa naandika kwa tahadhari, kwa sababu najua dawa za kifafa zinavyoazimana majirani. Binti amewekwa kwenye levetirasetamu. Sodiamu valproeti hufanya kazi vizuri kwa aina yake, lakini madaktari huikwepa kwa msichana anayekaribia utu uzima kwani inaweza kumdhuru mtoto atakayekuwa tumboni siku za mbele. Na kabamazepini, ambayo watu wengi wanaijua na huwasaidia wagonjwa wengi wa aina nyingine, inaweza kuzidisha mishtuko ya aina hii. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa tayari ameshaleta vidonge vyake. Kila kifafa kina dawa yake, na Shirika la Afya Duniani linasema mpaka watu 70 katika 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba inayowafaa. Kombe la bibi daktari hakulikataza. Alichokataza ni kuruka kidonge hata siku moja.

Shuleni palikuwa na wiki mbaya mwanzoni mwa muhula. Wazazi wawili walimwendea mwalimu mkuu wakitaka binti ahamishwe dawati, mmoja akataka ahamishwe shule. Mwalimu mkuu alimwalika yule nesi kwenye kikao cha wazazi na kumpa nusu saa. Aliwaonyesha kumgeuza mtu ubavu kwa kumtumia mtoto wake mwenyewe, akarudia habari ya mate, akajibu maswali mpaka yakaisha. Dawati halikuhamishwa. Yule mvulana aliyejikakamaza akiigiza alimwomba radhi binti bila kuambiwa na mtu, na sasa ndiye anayebeba begi lake.

Maonyesho ya katuni hayakufutwa, na nafurahi, kwa sababu kwa watoto wengi pale hiyo ndiyo sinema yao pekee. Yamebadilishwa. Madirisha ya nyuma hayazibwi tena, taa moja inawaka, picha inapunguzwa ibaki katikati ya ukuta, na kamba imefungwa sakafuni: mikeka haivuki kamba. Vipo vitafunio kabla, kwa hiyo hakuna anayekaa na njaa. Barua ya mwaliko inamuuliza mzazi kama mtoto ana kifafa au hudhurika na mwanga. Mwalimu hupitisha kila muvi kwenye projekta yenyewe kabla ya siku, na penye kumweka anaruka. Muvi yetu ilirudiwa, kwa ombi la binti mwenyewe, chumba cha taa kikarukwa, na hakuna mtoto aliyepotea kwenye hadithi. Binti alikaa nyuma ya kamba na kutafsiri kwa sauti ya juu. Amefundishwa pia la kufanya akikutana na mwanga wa namna hiyo popote, iwe kwenye ukumbi wa harusi au kwenye simu ya mtu: afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, kwa sababu mwanga hupenya kope.

Karai la maandazi limekwenda kwa mjomba. Binti anaamka saa kumi na moja na nusu, na mama anasema hilo limemgharimu sehemu ya oda za alfajiri. Kuogelea Kigamboni anaruhusiwa, akiwa na mtu mzima anayejua kuogelea, aliye majini pamoja naye.

Nilirudi laibrari na mwalimu kumweleza kijana kilichotokea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni sehemu gani hasa, akaifungua muvi pale pale kwenye kompyuta yake na kuitazama akiwa amekunja uso. Kisha akabofya jina la faili na kuliandika upya kwa herufi kubwa: INCREDIBLES 2, INA MWANGA WA KUMWEKA, MWENYE KIFAFA ASIANGALIE. Kila anayenakili kwake sasa anaondoka na jina hilo kwenye flashi yake, na akimpa jirani linakwenda nalo. Ametuomba tumletee majina ya katuni nyingine za namna hiyo, na nesi ameanza kumwandikia.